Uzi: Kipindupindu kinakwenda kwa kasi gani? Jumla mnayosomewa kwenye habari haiwaambii

#1 JaRekodi (Kisumu)

Wakuu, habari za jioni. Kila masika yakianza kugonga mabati ya Nyalenda na Obunga, swali kwenye vikundi vya WhatsApp huwa lile lile: "Wagonjwa wamefika wangapi?" Mtu anatupa namba, mwingine anaongeza chumvi, na kabla ya chakula cha usiku namba imeshafika Ahero ikiwa imenenepa. Kazi yangu ni rekodi za afya. Nakaa na madaftari kuliko ninavyokaa na watu, na leo naomba tuzungumze jambo ambalo jumla hiyo haisemi hata kidogo: ugonjwa unakwenda kwa kasi gani?

Jumla haishuki. Hata ugonjwa ukiisha, yenyewe inabaki pale juu ikitisha watu. Ukitaka kasi lazima ujue nani aliugua lini, na hapo ndipo vita vyetu vinapoanzia.

Chukueni mgonjwa mmoja. Ana tarehe nne. Kuna siku alipoanza kuhara, siku alipofika kituoni, siku maabara ilipotoa jibu, na siku alipoingizwa kwenye mfumo wa wizara. Taarifa ya saa moja usiku kwa kawaida inasimama juu ya hiyo ya nne, kwa sababu ndiyo inayopatikana bila kuuliza mtu. Sasa karani wa kituo akipumzika Jumamosi na Jumapili, wagonjwa wa siku tatu wataingizwa Jumatatu asubuhi, na Jumatatu itaonekana kiama. Jumanne watu watasema imepungua, Mungu ni mwema. Kilichopanda na kushuka ni kazi ya karani tu.

Tarehe yenye faida ni ya kwanza. Kipindupindu hujitokeza haraka, kati ya saa 12 na siku 5 tangu mtu ameze kile kijidudu, kwa hiyo siku alipoanza kuhara inakurudisha karibu kabisa na maji au chakula chenyewe. Ukiwa nayo kwa kila mgonjwa unachora nguzo moja kwa kila siku, na umbo linaanza kujitokeza. Nguzo zikipanda ghafla zikashuka ghafla, uliza kulikuwa na matanga wapi wiki hiyo. Zikipanda taratibu zikakaa huko juu, ama ugonjwa unapita nyumba kwa nyumba, ama watu bado wanachota kila siku pale pale penye shida.

Kuna mtego mmoja unaonasa hata wenye digrii. Nguzo za siku mbili tatu za mwisho huwa fupi kila mara, ugonjwa upungue usipungue. Walioanza kuhara jana wengi bado wako nyumbani wanakunywa mwarobaini, au wako kwa kemisti wananunua Flagyl. Ukichora leo, jana inaonekana njema. Chora tena wiki ijayo utakuta ile jana imerefuka. Ofisini kwetu kuna mzee ambaye kabla hajasema neno juu ya mchoro wowote, anaweka kwanza kiganja juu ya nguzo za mwisho, azifunike, ndiyo aanze kusoma.

Nitaendelea. Karibuni maswali.

#2 KinyoziKondele

Mkuu umetupa mtihani usiku huu. Mimi swali langu fupi: maji ya mkokoteni ninywe au nisinywe?

#3 JaRekodi

Chemsha au tia klorini, usubiri nusu saa, ndiyo unywe. Na hizo mashine za kunyolea pia uzisafishe, omera.

#4 Mwalimu_wa_Hesabu (Kakamega)

Ndugu JaRekodi, ahsante. Niongeze ya ubaoni, maana naona watu wanachanganya vitu viwili.

Tuseme tu, mfano wa kutunga, kijiji kina wagonjwa wapya 10 siku ya kwanza, 20 siku ya sita, 40 siku ya kumi na moja. Hesabu inarudufu kila siku tano. Muda huo wa kurudufu ndio kasi, na huhitaji kompyuta kuuona; rula na kalamu vinatosha.

Ile R iliyovuma wakati wa korona, yaani mgonjwa mmoja anaambukiza wangapi kwa wastani, ni kitu kingine. Huipati mpaka ujue pia maambukizi yanachukua siku ngapi kutoka kwa mtu hadi kwa anayemfuata. Kama hatua moja inachukua siku tano, na hesabu inarudufu kila siku tano, basi kila mgonjwa kazaa wawili. R ni 2. Haya, sasa chukua surua, ambayo hatua yake ni kama siku 12. Kurudufu kule kule kwa siku tano kungemaanisha kila mtoto anaambukiza zaidi ya watano. Nguzo zinapanda sawasawa kabisa, lakini kazi ya kuzizuia si moja. (Na watano kwa surua ni wachache. Ikiingia mahali ambapo hakuna aliyechanjwa wala aliyewahi kuugua, vitabu vinataja 12 hadi 18.)

Kwa hiyo mtu akikwambia "R ni ngapi" muulize kwanza siku za hatua amezitoa wapi. Mara nyingi amezitoa kwenye utafiti wa nchi nyingine.

Swali langu: kwa kipindupindu, watu hamsini wakichota kisima kimoja, hawakuambukizana. Wote wameambukizwa na kisima. Hapo R ina maana gani?

#5 NesiWaUsiku (Homa Bay)

Mwalimu swali lako ni zuri, na jibu la wodini ni kwamba mwanzoni haina maana kubwa. Kisima kinaleta kundi la kwanza. Halafu mama aliyemwosha mtoto anaugua, halafu shangazi aliyekuja kusaidia kupika. Hiyo ya pili ndiyo mtu kwa mtu. Kwenye mchoro zote mbili zinalaliana, na hutazitenganisha bila kujua nani anaishi na nani.

Huku kwetu hili si la kubuni. Kati ya Juni 1997 na Machi 1998, hospitali za mkoa wa Nyanza zililaza wagonjwa 14,275 wa kipindupindu na 547 wakafa. Watafiti walipolinganisha waliougua na wasiougua, mambo matatu yakajitokeza: kunywa maji ya Ziwa au ya mto, kula pamoja na mtu anayehara, na kuhudhuria karamu za mazishi. Angalieni hizo tatu vizuri. Ya kwanza ni maji, ya pili ni mtu kwa mtu, ya tatu ni zote mbili ndani ya hema moja.

Lakini JaRekodi, nina ugomvi nawe kidogo. Unasema tarehe ya kuanza kuhara kana kwamba mgonjwa anakuja nayo mfukoni. Anakuja amelegea, macho yameingia ndani, ngozi ya tumbo ukiibana inabaki imesimama. Nesi wa kwanza anaweka dripu, wa pili anatafuta ndoo. Nani anauliza tarehe? Msindikizaji anakisia. Ukimbana sana anakupa siku yoyote ili umwache.

Nilichojifunza ni kutouliza tarehe kabisa. Nauliza: alianza kabla ya kwenda Sabato au baada ya kurudi? Mlikuwa mmepika nini usiku ule? Watoto walikuwa wamefunga shule? Siku ya soko alienda mwenyewe au alimtuma mtu? Baada ya maswali mawili matatu siku inajitokeza yenyewe, hata saa. Hapo naandika. Fomu ina kisanduku kimoja cha tarehe, haina nafasi ya Sabato.

#6 KinyoziKondele

Nesi wewe ungekuwa polisi tungekwisha.

#7 MamaOmena (Kibuye)

Wanangu, nimesoma yote na miwani ya mjukuu wangu. Mnasema vizuri. Sasa mniambie, hizo nguzo zenu mkishachora mnazipeleka wapi? Kwa sababu kila zikitoka, wa kwanza kufukuzwa ni sisi wa chakula. Jirani yangu wa mahindi ya kuchemsha, watu wa afya walikuja na makoti yao, wakampindulia sufuria na kumfungia kibanda. Bomba lililopasuka hatua chache kutoka pale liliendelea kumwaga na kuchanganyika na mtaro. Hakuna aliyelifunga.

Mtu akiona hivyo, siku mwanawe akihara atawaambia? Atamfungia ndani na kumnywesha uji mwepesi. Halafu mtachora nguzo fupi mseme ugonjwa umeisha.

#8 NesiWaUsiku

Mama umesema ukweli ambao semina nyingi haziusemi. Na si nguzo tu zinazopotea, maiti pia zinapotea.

Mwaka 2008, baada ya vurugu za uchaguzi, kipindupindu kilizuka upande huu wa magharibi watu wakiwa wametawanyika na vituo havifanyi kazi sawasawa. Takwimu zilizofika zenyewe kutoka vituoni zilionyesha kwamba katika kila wagonjwa mia, kati ya watano na sita walikufa. Kisha timu ikaenda vijijini kutafuta, nyumba kwa nyumba. Vifo vikawa mara tatu ya vilivyokuwa vimeripotiwa. Waliougua wakapona waliongezeka pia, lakini kwa asilimia 37 tu. Kiwango cha vifo kikaruka kutoka asilimia 5.5 hadi 11.4.

Yaani waliokosekana kwenye daftari walikuwa zaidi ni wale waliokufa. Aliyekufa nyumbani hafiki kwa karani. Kila nikiona chati nzuri ya rangi huwa nakumbuka hilo.

#9 JaRekodi

Nesi umenibana, na Mama umenibana. Acha nianze na Mama.

Mama, mchoro hauna jina la mtu wala la kibanda. Lakini orodha tunayotumia kuuchora ina majina, kila mgonjwa mstari wake, na sitakudanganya kwamba haijawahi kupita mikononi mwa mtu asiyefaa. Unachosema kuhusu kufunga vibanda kinaharibu kazi yetu kuliko kukosa kompyuta. Mimi ningekuwa na uwezo, fundi wa bomba angetangulia kufika kabla ya mwenye koti.

Nesi, kuhusu wanaokosekana. Hapa kuna jambo ambalo wengi hawaliamini mpaka walifanye kwa mkono. Ukikosa wagonjwa wengi lakini ukawakosa kwa kiwango kile kile kila siku, kasi bado unaipata sawa. Mvuvi mwenye wavu uliotoboka anaona samaki wachache kuliko waliomo, lakini matundu yasipobadilika, samaki wakiongezeka maradufu ziwani hata kwake wataongezeka maradufu. Chukueni ule mfano wa Mwalimu, 10, 20, 40. Kama kituo kinaona mmoja tu katika kila watano, kitaandika 2, 4, 8. Jumla ni mbovu kabisa, muda wa kurudufu ni ule ule.

Shida ni matundu yakibadilika katikati. Na kwetu yanabadilika kila mara. Mgomo wa madaktari: wavu umepanuka matundu. Barabara ya Nyando imefurika: kadhalika. Kambi ya matibabu imefunguliwa karibu na watu: matundu yamezibwa, na ghafla "wagonjwa wameongezeka" ilhali waliongezeka walioonekana.

Kubwa kuliko zote ni siku mlipuko unapotangazwa rasmi. Kwa mwongozo unaotumika kimataifa, kabla ya kutangazwa, mshukiwa ni mtu wa miaka miwili na zaidi anayehara majimaji na amekaukiwa maji vibaya, au amekufa kwa kuhara huko. Baada ya kutangazwa, kila mtu anayehara majimaji ni mshukiwa, hata mtoto mchanga, hata aliyekaukiwa kidogo tu. Jana alikuwa hahesabiwi, leo anahesabiwa. Mchoro unaruka siku hiyo hata kama hakuna mtu mpya aliyekunywa maji machafu. Ndiyo maana nasema usisome kasi kwa kuvuka siku ya tangazo. Soma kabla, soma baada, kila upande kivyake.

Na ile ya 2008 uliyoleta, Nesi, inaonyesha kwamba wavu unaweza kuwa na tundu kubwa zaidi kwa wanaokufa kuliko kwa wanaopona. Kasi inaweza kutoka sawa na bado ukawa hujui uzito wa ugonjwa. Hapo sina jibu la kalamu. Lazima mtu aende.

#10 Mwalimu_wa_Hesabu

Hiyo ya wavu naiiba, nitaifundisha Kidato cha Tatu wiki ijayo.

#11 Kijana_Maseno

Salamu wakubwa. Mimi mwanafunzi, naona mnapigana na madaftari wakati kila mtu ana simu. Simu inajua mtu alilala Seme na kuamka Nairobi. Tayari ilishafanyika hapa kwetu: mwaka 2012 jarida la Science lilichapisha utafiti wa kina Amy Wesolowski na Caroline Buckee, waliotumia rekodi za simu za Wakenya karibu milioni 15, kuanzia Juni 2008 hadi Juni 2009, bila majina. Walilinganisha safari hizo na ramani ya malaria. Wakaona kanda ya Ziwa ndiyo chimbuko kubwa la vimelea vinavyosafirishwa na watu, na Nairobi inapokea. Mtu anarudi kutoka Krismasi ya nyumbani na vimelea kwenye damu, anaugua Kawangware, na kule hakuna anayefikiria malaria haraka.

Kwa nini tusifanye vivyo hivyo kwa kipindupindu? Mgonjwa akitoka Kisumu, ramani itajua atafika wapi kabla hajafika.

#12 NyarAhero (mhamasishaji wa afya ya jamii)

Kijana, hongera kwa kusoma. Ila njoo Nyando tutembee pamoja siku moja.

Nyumba ninazozihudumia zinakaribia mia, kama wenzangu. Nyumba moja ina simu moja, anayo baba, na baba yuko Nairobi. Nyumba nyingine mtu mmoja ana laini tatu. Nyanya hana kabisa. Simu ikisafiri hujui nani kasafiri, na mafuriko yakija wote wanahamia shule moja wakiacha simu zikiwa zimezimika, hakuna stima ya kuchaji. Wiki ile ambayo tungehitaji kujua watu wako wapi ndiyo wiki ramani yako inapofifia.

Sisemi haifai. Kwa malaria, ambayo inasafiri ndani ya mtu wiki kadhaa, naona faida. Kwa ugonjwa wa saa 12, hata ukijua mtu ameelekea Kericho, atakuwa ameshashuka matatu.

Sisi tulipewa simu za kazi mwaka 2023, pamoja na ile mikoba ya vifaa. Simu ni nzuri. Mtandao ukiwepo inatuma papo hapo, usipokuwepo inahifadhi, na betri ikifa unaandika kwenye kijitabu cha shule halafu unanakili usiku. Tunalipwa shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu ya serikali kuu na nusu ya kaunti, na hapo mtu hajauliza zinafika lini. Nikitembea kwenye tope hadi nyumba ya mwisho, nauli ya boda ni yangu. JaRekodi akiona kijiji fulani kimenyamaza kwenye mchoro wake, asidhani kiko salama. Pengine aliyestahili kukitembelea amechoka kujitolea mfukoni.

#13 JaRekodi

Nyar Ahero, hilo la ukimya wengi hawalijui. Kwenye fomu ya kila wiki, MOH 505, sifuri na kutotuma kitu ni mambo mawili tofauti. Sifuri maana yake nimetafuta sikupata. Kutotuma maana yake sijui. Kwenye ramani ya rangi yote mawili yanaweza kutoka meupe.

#14 Dereva_Salgaa (Nakuru)

Nimeamka saa hii hapa Salgaa, nimepaki, nasubiri kukuche. Niseme la barabarani.

Mnasema "mgonjwa wa Kisumu", "mgonjwa wa Nakuru". Mimi ni wa wapi? Napakia Mombasa, nalala Mai Mahiu, nalala hapa, naoga Eldoret, nakaa foleni Malaba siku ambazo sizihesabu. Nikianza kuugua hapa, Nakuru inaandikiwa mgonjwa. Lakini nilipata wapi? Julai 2024 yule mgonjwa wa kwanza wa mpox Kenya alipatikana mpakani Taveta, akiwa safarini kutoka Uganda kuelekea Rwanda. Taveta wakawa kwenye habari. Watu wa Taveta walimfanya nini?

Na mpox inaweza kujificha hadi siku 21 kabla ya kutoka. Kwa siku 21 mimi nimeshaenda na kurudi. Ukiniuliza nilikutana na nani siku hizo zote nitakutajia vituo vya mafuta. Hoteli nakumbuka kwa chapati, majina ya watu siwezi.

#15 Mwalimu_wa_Hesabu

Dereva amegusa pabaya. Kwa ugonjwa wa siku 21 hata R yenyewe inayumba, kwa sababu tunakisia nani alimpa nani. Kosea jozi moja, umeshabadilisha urefu wa hatua, na urefu wa hatua ukibadilika R inabadilika ingawa hakuna mgonjwa aliyeongezeka.

#16 JaRekodi

Ndiyo, na ndiyo sababu fomu nzuri zina maswali mawili: unaishi wapi, na ulikuwa wapi siku za karibuni. La pili huachwa wazi. Nimeona kurasa nzima limeachwa wazi.

Dereva, kwa watu kama wewe mara nyingine kituo cha mpakani au cha kupimia mizigo kinajua zaidi kuliko kaunti yoyote. Mnasimama pale mtake msitake. Kuuliza homa na vipele pale kunagharimu dakika moja.

#17 KinyoziKondele

Mimi sijasoma sana ila nina jambo. Kemisti aliye mkabala na kinyozi changu huwa anajua kabla ya hospitali. Wiki watu wakianza kununua ORS (ile chumvi ya kurudisha maji mwilini) na Flagyl kwa wingi, ananiambia "leo sijapumzika". Siku mbili tatu baadaye ndiyo ninasikia ambulensi. Huyo kwa nini hayuko kwenye hesabu zenu?

Na msifanye tena mambo ya korona ya Juni 2021, kaunti 13 za huku, kafyu saa moja jioni. Kinyozi anapata wateja saa kumi na mbili jioni wakitoka kazini. Nilikuwa nanyoa kichwa nusu nikitazama saa.

#18 JaRekodi

Kinyozi leo umeshinda wote. Mauzo ya kemisti ni dalili ya mapema kweli kweli, sehemu nyingi duniani wanayafuatilia. Hayakwambii ni kipindupindu, maana ORS inauzwa kwa kuhara kokote, lakini yanakwambia amka, peleka kipimo. Kipimo cha haraka kinatoa jibu hapo hapo, ingawa huwezi kutangaza mlipuko kwa hicho peke yake. Kinyesi lazima kiende maabara, kwa kawaida ikuze vijidudu, na hiyo inakula siku. Kuna lengo linaitwa 7-1-7: mlipuko ugunduliwe ndani ya siku 7, taarifa itolewe ndani ya siku 1, hatua za kwanza ziwe zimekamilika ndani ya siku 7 nyingine. Kwa kipindupindu hizo 7 za mwanzo ni nyingi mno. Kikipata wiki nzima bila kugunduliwa, mfano wa Mwalimu umesharudufu na kuvuka. Kemisti wako angetupunguzia siku mbili tatu.

Juni 2021 walikuwa wanaangalia katika kila mia waliopimwa ni wangapi wana korona. Ni kipimo kinachofaa kikiwa na idadi ya waliopimwa pembeni yake. Wakipimwa wanaokohoa tu, sehemu hiyo itakuwa kubwa hata kama mtaa uko salama. Kuhusu kafyu yenyewe mimi sikuulizwa.

#19 Kijana_Maseno

Nimekubali kuhusu simu, nusu. Lakini mtu akiuliza "kasi kwa kila watu elfu" mnagawanya kwa nini? Sensa ni ya 2019, na Obunga ya leo si ya 2019.

#20 NesiWaUsiku

Hapo umeuliza la maana. Asembo na Gem kule Siaya, watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba, walioko Kisian, walianza mwaka 2001 kutembelea nyumba kwa nyumba na kurudi tena na tena, wakiandika nani kazaliwa, nani kafa, nani kahama, nani kaolewa. Kwa hiyo pale mtoto akiugua wanajua ametoka kwenye watoto wangapi. Kazi ya kuchosha, haina picha ya kuweka mtandaoni. Sehemu nyingine nyingi tunagawanya kwa makisio na kuomba Mungu.

#21 MamaOmena

Kinyozi anasema kemisti. Mimi nasema wanawake wa soko. Mwenzetu akikosa kuja Jumapili, siku ya mauzo, tunajua kuna mgonjwa nyumbani. Wakikosa watatu wa mtaa mmoja tunajua kuna jambo mtaani kwao. Hatuhitaji chati. Lakini sitamwambia mwenye koti.

#22 NyarAhero

Mama, na ukimwambia mtu asiye na koti? Wenzangu wa Kibuye ni akina mama kama wewe, mmoja hata anauza nyanya. Hafungi kibanda cha mtu, hana mamlaka hayo. Anabeba klorini na ORS, anauliza mtaa gani na tangu siku gani, basi. Jina la aliyekwambia halihitaji.

#23 MamaOmena

Huyo wa nyanya ni wa upande wa barabara au upande wa mitumba?

#24 NyarAhero

Upande wa mitumba, Mama. Nikikupa namba yake kwa siri utampigia?

#25 MamaOmena

Sipigi simu, inakula pesa. Mwambie aje mwenyewe kwenye omena, aulize Mama wa miwani. Aje Jumanne au Jumatano. Jumapili asijaribu, siku hiyo sina nafasi hata ya kupiga chafya. Na aje na hiyo klorini, asije mikono mitupu na kijitabu.

#26 JaRekodi

Nimemwandikia tayari. Jumanne, na klorini. Mama, akija mwambie pia lile bomba liko wapi hasa, namba ya kibanda kilicho karibu ikiwezekana. Nina mtu wa maji wa kumsumbua.

#27 MamaOmena

Namba ya nini, wewe fuata harufu.